Vipande Tisa vya Kamusi: Hatari ya Mafaili Yaliyobanwa na Kukatwakatwa

Na Mwandishi Wetu

Anayejifunza Kiswahili hapa Doha hagundui kuchelewa kwamba kitu kigumu kukipata ni kitabu. Wa kuzungumza naye yupo. Mkenya, Mtanzania na Mganda utakutana nao darasani, kazini na kwenye treni. Lakini riwaya iliyochapwa Nairobi au kamusi iliyochapwa Dar es Salaam si rahisi kuikuta kwenye rafu za maduka ya hapa, na kuagiza kutoka nyumbani kuna gharama na kusubiri. Ndiyo maana kila muhula, katika makundi ya WhatsApp ya wanafunzi, hutokea ujumbe wa aina hii: "Wadau, nimepata kamusi nzima na vitabu arobaini vya fasihi. Vipande tisa. Pakueni vyote, nywila ni 1234."

Shukrani humiminika. Aliyeleta huitwa mkombozi wa darasa. Swali moja tu halisikiki: ni nani aliyevikata vipande hivyo?

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya. Faili lililobanwa na kukatwa vipande si baya kwa asili yake. Tatizo lake ni kwamba halikaguliki mpaka uwe umelipokea lote na kuliunganisha kwa mikono yako mwenyewe. Wazee walituonya tusinunue mbuzi kwenye gunia. Huyu wetu yumo kwenye magunia tisa, na kila gunia limeshonwa. Kwa hiyo uamuzi wa kuamini au kutoamini hauna budi kufanywa mapema, na unamhusu aliyelituma, kwa sababu faili lenyewe halitakusaidia kuamua.

Vipande vilianzia wapi

Kubana mafaili ni ufundi wa siku nyingi. Mwaka 1989 Mmarekani Phil Katz alitoa muundo wa ZIP kupitia kampuni yake ya PKWARE. Mwaka 1993 Mrusi Eugene Roshal akaja na RAR, ambayo herufi yake ya kwanza ni ya jina la ukoo wake. Mwaka 1999 Mrusi mwingine, Igor Pavlov, akatoa 7-Zip, programu ya bure ambayo wengi wetu tunayo.

Zamani hizo kukata faili kulikuwa lazima. Disketi ya kawaida ilibeba megabaiti 1.44 tu. Programu ya megabaiti 20 ilihitaji disketi 14, na ole wako ikiwa ya kumi iliharibika njiani. Disketi zimetoweka, lakini vikomo vingine vimebaki. Flashi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili moja la gigabaiti 4. Gmail haipeleki kiambatisho kinachozidi megabaiti 25. Ndiyo maana majina kama kamusi.part1.rar na kamusi.part2.rar, au kamusi.7z.001 na kamusi.7z.002, au kamusi.z01 na mwenzake kamusi.zip, hayamshangazi mtu.

Lakini tazama hali ya leo. Tangu mwaka 2022 WhatsApp inapokea hati moja ya hadi gigabaiti 2. Kitabu kizima kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa kawaida huwa makumi ya megabaiti. Hakina haja ya kukatwa mara tisa. Ukimkuta mchuuzi sokoni amemfunga changu mmoja kwenye makapu tisa, utamuuliza sababu kabla hujauliza bei. Vipande vya kitabu navyo viulizwe vivyo hivyo.

Kipande kimoja hakisemi kitu

Programu ya kuzuia virusi hufanya kazi kwa kutazama. Hulinganisha faili na orodha ya mafaili maovu yanayojulikana, hutafuta mpangilio wa baiti unaofanana na wa virusi, na huchunguza tabia ya programu inapoanza kukimbia. Sasa ipe kipande cha nne katika tisa. Kilichomo ni katikati ya mfululizo wa data iliyobanwa, hakina mwanzo wala mwisho. Katika ZIP iliyogawanywa, orodha ya vilivyomo hukaa kwenye kipande cha mwisho. Kwa 7-Zip, vipande ni faili moja lililokatwa kama mkate, na fahirisi yake iko mkiani. Mtambo wa chuo unaokagua barua pepe, ukipokea vipande hivyo kimoja kimoja katika barua tofauti, hauna kitu kizima cha kupima.

Nywila ni pazia la pili. RAR ya siku hizi hufunga data kwa usimbaji wa AES wa biti 256, na ikitakiwa huficha hata majina ya mafaili yaliyomo. Usimbaji huo ni mzuri ukiwa mikononi mwako: huilinda tasnifu yako flashi ikianguka kwenye teksi. Lakini nywila iliyoandikwa waziwazi kando ya kiungo haimfungii nje msomaji yeyote. Anayefungiwa nje ni mkaguzi. Kundi la Emotet lililosumbua ofisi za dunia nzima lilitumia mbinu hiyohiyo: barua pepe ilibeba ZIP iliyofungwa, na nywila ikaandikwa ndani ya barua ileile.

Pazia la tatu ni ukubwa. Programu nyingi za ukaguzi huyaruka mafaili makubwa mno ili zisiichoshe kompyuta. Machi 2023 Emotet ilirudi na hati za Word zilizojazwa baiti tupu hadi zikapita megabaiti 500. Zilipobanwa zilikuwa nyepesi, maana sufuri milioni moja zilizofuatana hubanika zikawa karibu si kitu. Mfano uliopita kiasi ni faili liitwalo 42.zip: lina kilobaiti 42 tu, lakini likifunguliwa ngazi zote hufumuka likafikia petabaiti 4.5. Hilo haliibi kitu. Linaijaza kompyuta mpaka ishindwe kusogea.

Haki isemwe: kinga hizi zina kazi yake. Vipande vikishaunganishwa na kufunguliwa, programu nyingi za kuzuia virusi hukagua kila faili linapotua kwenye diski, na mara nyingi hukamata. Waovu wanalijua hilo, na ndiyo maana wana sentensi wanayoipenda: "Zima antivirus kabla ya kufungua, inatoa onyo la uongo." Ukiikuta sentensi hiyo kwenye maelekezo, huna haja ya kusoma zaidi.

Kuna pia jambo ambalo wengi hulielewa vibaya. Ukibonyeza kitufe cha kupima vipande na programu ikajibu kwamba hakuna kosa, imekuambia tu kwamba vipande vimetimia na havikuharibika safarini. Kipimo hicho, ambacho mara nyingi ni CRC32, hutafuta ajali. Nia mbaya hakiioni. Sumu iliyofungwa vizuri hufika ikiwa nzima.

Ufa ulio kwenye kisu chenyewe

Wengi tunaamini kwamba kufungua kifurushi ni salama, na kwamba hatari huanza pale unapobofya kilichomo. Yaliyotokea miaka ya karibuni yanasema vingine.

Februari 2019 watafiti wa kampuni ya Check Point walitangaza kasoro iliyokuwa imejificha ndani ya WinRAR kwa miaka ipatayo 19. Ilikuwa kwenye faili dogo la kusaidia, unacev2.dll, lililotumika kufungua muundo wa kizamani uitwao ACE. Mshambuliaji aliweza kutengeneza faili la ACE, akalipa jina linaloishia na .rar, na mtu alipolifungua, programu ya siri ilidondoshwa kwenye folda ya Startup, ambayo Windows huyaendesha yote yaliyomo kila mtumiaji anapoingia. Hapakuwa na haja ya kubofya kitu kingine. WinRAR inajitangaza kuwa na watumiaji milioni 500, na haikuwa na desturi ya kujisasisha yenyewe. Toleo la 5.70 liliutupa muundo wa ACE moja kwa moja, lakini ilimfaa tu aliyekwenda kulichukua.

Wezi hawakusubiri. Mwezi uliofuata kampuni ya McAfee iliripoti kwamba imehesabu zaidi ya mashambulizi 100 ya aina tofauti yaliyotumia ufa huo. Mojawapo lilivaa nguo za nakala haramu ya albamu ya Ariana Grande, "thank u, next". Nyimbo zilitoka kweli; msikilizaji akafurahi, na pembeni mgeni akaingia. Mwezi huohuo kituo cha utafiti cha kampuni ya 360 ya China kilieleza shambulio lililolenga watu wa Mashariki ya Kati. Ndani ya kifurushi mlikuwa na hati ya Word kuhusu mashambulizi ya kigaidi, na kilipofunguliwa kilidondosha programu ya upelelezi ya njRAT ikiwa imejiita Telegram Desktop. Ni nani hapa Doha angeshtuka kuliona jina la Telegram kwenye kompyuta yake?

Ufa wa pili uligunduliwa na kampuni ya Group-IB mwaka 2023 na ukapewa namba CVE-2023-38831. Ndani ya kifurushi kulikuwa na picha au hati, na kando yake folda yenye jina lilelile. Ukibofya picha, WinRAR ilijichanganya na kuendesha kilichofichwa ndani ya folda. Wahalifu walikuwa wakiutumia tangu Aprili mwaka huo dhidi ya watu wanaofanya biashara ya fedha mtandaoni. Toleo la 6.23 liliuziba mwezi Agosti.

Ufa wa tatu ni wa Julai 2025, namba CVE-2025-8088. Kampuni ya ESET iligundua kwamba kundi linaloitwa RomCom linatuma barua za maombi ya kazi zenye RAR zilizodaiwa kubeba wasifu wa mwombaji. Kama ule wa 2019, ufa huu uliruhusu mafaili kutupwa mahali ambapo mtumiaji hakupachagua. Uliondolewa na toleo la 7.13, lililotoka 30 Julai 2025.

7-Zip nayo haikusalimika. Windows hulibandika alama faili lililotoka mtandaoni, ili ikuonye kabla hujaliendesha. Ilibainika kwamba ukiweka kifurushi ndani ya kifurushi, 7-Zip iliipoteza alama hiyo, na onyo halikutokea. Toleo la 24.09 la Novemba 2024 ndilo lililorekebisha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Fungua programu yako sasa, nenda kwenye sehemu ya "About", utazame namba ya toleo. Ikiwa WinRAR yako iko chini ya 7.13 au 7-Zip yako iko chini ya 24.09, una mlango ulio wazi ambao fundi alikwisha kuuletea komeo.

Kiambishi tamati kinachodanganya

Hapa wanasarufi wenzangu mtanielewa upesi. "Alipiga" na "alipigwa" zimetofautiana kwa herufi moja karibu na mwisho wa neno, lakini aliyeumia si yuleyule. Jina la faili liko hivyohivyo. Herufi za mwisho, baada ya nukta, ndizo zinazoiambia kompyuta ifanye nini. Kamusi.pdf ni hati ya kusoma. Kamusi.pdf.exe ni programu inayoendeshwa. Kwa bahati mbaya Windows, kama ilivyotoka kiwandani, huficha kiendelezi inachokijua, kwa hiyo ile ya pili hukutokea ikiwa imeandikwa kamusi.pdf, na mtengenezaji akiiwekea picha ya PDF, jicho halina la kushika. Dawa ni kuwasha chaguo la kuonyesha viendelezi katika File Explorer.

Kuna hila nyingine inayotuhusu sisi tunaoishi kati ya maandishi mawili. Mfumo wa Unicode una herufi isiyoonekana, U+202E, inayoamuru maandishi yanayofuata yasomwe kutoka kulia kwenda kushoto. Mwovu akiiandika katikati ya jina, faili ambalo kwa hakika linaishia na fdp.exe huonekana kwenye skrini likiishia na exe.pdf. Mahali pengine jina lenye mwelekeo wa ajabu lingeshtua. Hapa, ambapo folda zetu zimejaa majina ya Kiarabu, ya Kiingereza na ya Kiswahili, na baadhi yetu tunasoma tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, jicho limezoea. Usitegemee jina. Tazama safu ya "Type": ikiandika "Application", hicho si kitabu.

Kumbuka pia kwamba RAR ya vipande inaweza kutengenezwa ijifungue yenyewe, na hapo kipande cha kwanza huitwa part1.exe. Maana yake kipande hicho ni programu kamili. Ukikibofya, umekwisha kumkaribisha mgeni sebuleni kabla hajasema jina lake.

Kinachoibwa

Virusi vya zamani vilipenda kujionyesha. Vya leo hupenda kimya. Aina iliyoenea ni ile ya kunyakua siri, kama RedLine na Lumma. Huingia, hukusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, huchukua vidakuzi vinavyokufanya usiulizwe nywila kila mara, hupeleka vyote kwa mwizi, kisha huondoka. Kidakuzi kilichoibwa humwingiza mwizi kwenye akaunti yako bila kuulizwa nywila, na mara nyingi bila hata ule msimbo wa simu. Microsoft ilisema kwamba kati ya 16 Machi na 16 Mei 2025 iliona zaidi ya kompyuta 394,000 za Windows duniani zilizoambukizwa Lumma.

Aina nyingine hufunga mafaili na kudai fidia. STOP, iitwayo pia Djvu, imesambaa tangu 2018, hasa kupitia programu zilizovunjwa leseni ambazo watu huzipakua bure. Waathirika wake wengi ni watu binafsi wa kawaida wenye kompyuta moja, na wanafunzi wamo. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa chombo cha bure cha kuyafungua mafaili yaliyofungwa na matoleo mengi ya wakati huo, lakini matoleo yaliyofuata yalitumia funguo ambazo chombo hicho hakina.

Qatar inaijua hasara ya namna hii. Agosti 2012, siku chache baada ya kirusi cha Shamoon kuharibu kompyuta zipatazo 30,000 za Saudi Aramco, kampuni ya gesi ya RasGas hapa Qatar nayo ilishambuliwa, na tovuti na barua pepe zake zikazimika. Uzalishaji wa gesi haukuguswa. RasGas ilikuwa na wataalamu, mitambo ya akiba na fedha za kuanza upya. Mwanafunzi ana kompyuta moja na wiki mbili kabla ya kukabidhi tasnifu.

Tena sisi wageni tunaishi kwa nakala. Kwenye kompyuta moja utakuta pasipoti, QID, barua ya ufadhili, vyeti vya shule na picha za familia. Mwizi akiipata akaunti yako haandiki kwako. Anamwandikia shangazi yako aliyeko Tanga: "Shikamoo shangazi. Nimekwama huku, naomba unitumie kidogo kwenye namba hii, nitarudisha Ijumaa." Ataandika Kiswahili chako, kwa sababu amesoma jumbe zako za nyuma. Shangazi atatuma, kwa sababu anakupenda. Deni hilo hulipwa na mtu ambaye hajawahi kusikia neno RAR.

Maswali saba kabla ya kupakua

1. Nani alilitengeneza? Jina la aliyekutumia halitoshi. Rafiki yako huenda naye ametumiwa. Fuatilia mpaka upate chanzo: mchapishaji, maktaba, chuo, mradi unaojulikana. Ukifika kwa "mtu fulani kwenye kundi", hujafika.

2. Kwa nini limekatwa? Ukubwa wake unalazimisha? Kama vipande vyote pamoja havifiki hata gigabaiti moja, dai sababu.

3. Kwa nini lina nywila, na nywila iko wapi? Nywila iliyobandikwa hadharani haina kazi ya halali inayoeleweka.

4. Kuna maelekezo ya kuzima kinga, kujaza dodoso ili upate nywila, au kusakinisha "programu maalumu ya kupakulia" ili ukipate kipande kilichokosekana? Acha hapo hapo.

5. Vipande vimetoka mahali pamoja? Kipande cha saba kilichotoka kwa mtu mwingine ni faili jingine mpaka ithibitishwe vinginevyo.

6. Naweza kuona majina yaliyomo kabla ya kufungua? Orodheshe kwanza. Kitabu ni PDF au EPUB. Ukiona exe, scr, js, bat, lnk au msi ndani ya "kamusi", futa. Kwenye simu, chukulia apk vivyo hivyo.

7. Nina nakala ya akiba ya kazi yangu mahali ambapo kompyuta hii haifiki? Akiba haiozi. Diski ya nje ichomolewe baada ya kunakili, maana iliyochomekwa muda wote hufungwa pamoja na nyingine.

Ikiwa umekwisha kufungua

Kata intaneti kwanza. Usibadilishe nywila kwa kompyuta hiyohiyo, kwa sababu unayempa nywila mpya ni mwizi. Tumia simu au kompyuta nyingine. Anza na barua pepe, maana ndiyo ufunguo wa akaunti nyingine zote, kisha toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti hizo ili vidakuzi vilivyoibwa vife. Wapigie simu watu wa nyumbani, uwaambie wasitume pesa kwa ujumbe wa maandishi peke yake.

Wajulishe kitengo cha teknolojia cha chuo mapema. Kama ni virusi vya kudai fidia, usilipe kwa haraka wala usifute mafaili yaliyofungwa. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, una vyombo vya bure vya kufungulia aina nyingi.

Halafu liambie kundi ulilopata faili kwao. Hapa ndipo wengi hunyamaza kwa aibu, hasa kama kilichopakuliwa kilikuwa kitabu cha wizi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukinyamaza, wenzako thelathini wanaendelea kuviunganisha vipande vilevile usiku huo.

Tujijengee rafu yetu

Onyo peke yake halimpi mtu kitabu. Njaa ya vitabu ndiyo inayotuingiza kwenye magunia haya, na isipotulizwa kwa njia nyingine, ujumbe wa "vipande tisa" utarudi muhula ujao na utapokelewa kwa furaha ileile.

Vitu vya halali vipo. Maktaba ya Taifa ya Qatar, hapo Education City, humsajili bure mkazi yeyote wa nchi hii na kumfungulia hazina zake za mtandaoni. Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, iliyozinduliwa 2014 kwa ushirikiano na British Library, ina nyaraka za historia ya Ghuba ambazo atakayeandika juu ya Oman na Zanzibar atazihitaji. Jarida la Swahili Forum linasomeka bure. Maktaba ya SOAS mjini London imeweka mtandaoni miswada ya Kiswahili ya kale. Na anayetaka matini nyingi za Kiswahili kwa utafiti wa lugha anaweza kuchukua nakala nzima ya Wikipedia ya Kiswahili kutoka Wikimedia.

Huyo wa mwisho ni mfano wa kuigwa, kwa sababu nakala za Wikimedia pia zimebanwa, na zile za lugha kubwa zimekatwa vipande. Tofauti ni kwamba mtoaji anajulikana, sababu ya kukata inaonekana, hakuna nywila, na kila faili lina alama yake ya uhakiki iliyochapishwa kando. Alama hiyo ni mfululizo wa tarakimu na herufi unaokokotolewa kutoka kwenye faili lote. Ukibadilisha hata baiti moja, mfululizo wote hugeuka.

Chama chetu kinaweza kufanya hivyohivyo. Tuwe na folda moja kwenye hifadhi ya chuo, yenye wasimamizi wawili, ambamo huwekwa tu kitu chenye chanzo kilichoandikwa: viungo vya wachapishaji wanaouza vitabu vya kielektroniki, makala zilizo huru, na kazi zetu wenyewe. Mafaili yawekwe yakiwa mazima. Ikibidi kukata, kwa mfano rekodi za video za kongamano, basi msimamizi aandike alama ya SHA-256 ya kila kipande kwenye ukurasa wa chama. Mpokeaji wa Windows ataandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Wa Mac ataandika shasum -a 256 na jina la faili. Zitatokea herufi na tarakimu 64. Zikilingana, kipande ndicho kilekile alichokiweka msimamizi. Alama hiyo haithibitishi kwamba msimamizi ni mwaminifu, na ndiyo maana tutamchagua kwa kura.

Vitabu ambavyo havipo kwa njia halali ya mtandao tuvinunue kwa pamoja. Kila likizo kuna mwenzetu anayesafiri kwenda Mombasa, Kampala au Unguja. Tukichanga mapema, akirudi na nakala kumi ndani ya begi, tutakuwa na maktaba ndogo ya kuazimana, na mwandishi aliyetoa jasho lake atakuwa amepata haki yake. Pendekezo hili litapelekwa kwenye mkutano wa kwanza wa muhula. Njoo na orodha ya vitabu unavyovitaka, na kabla hujatoka nyumbani, tazama namba ya toleo la WinRAR yako.